Namba Sita Kwenye Dirisha Jekundu

Jalada lilikuwa zuri mno, na hilo ndilo lililomkera Inspekta.

Bosi wake alikuwa amelisifu kwa simu asubuhi hiyo ya Jumatatu. Sifa za bosi zilikuwa zimemfikia mara mbili tu katika miaka kumi na minane ya kazi, na mara ya kwanza bosi alikuwa amekosea namba. Kesho yake saa tatu, binti wa miaka ishirini na mitatu angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumuua mjomba wake, na kila ukurasa wa kumpeleka huko ulikuwa na sahihi ya Inspekta. Alivua saa ya mkononi, akaiweka mezani, akaanza kulisoma upya kama limeandikwa na mtu asiyempenda.

Marehemu alikuwa fundi wa kamera za zamani, zile za kukunja. Unabonyeza kitufe, mlango wa mbele unaanguka, lenzi inatoka nje na mvukuto wake wa ngozi, ukimaliza unaikunja na kuitia mfukoni. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Mvukuto, ingawa wapo waliodai ni kwa sababu ya kukoroma. Alikutwa Alhamisi saa kumi na mbili jioni chini ya meza yake ya kazi, kisogo kimegonga pembe ya sanduku la chuma, na kifuani alikuwa na alama za kusukumwa. Daktari alisema amekufa kati ya saa tisa na saa kumi na mbili, na hakukubali kubanwa zaidi ya hapo.

Fundi cherehani wa chini, ambaye mashine yake inatazama ngazi, aliona watu wawili tu wakipanda alasiri ile. Wa kwanza alikuwa mpiga picha mstaafu wa polisi, rafiki wa marehemu kwa miaka arobaini. Nusu ya kikosi humwita Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyewafundisha kupiga picha mahali pa tukio, na Inspekta alikuwa mmoja wao. Aliingia saa tisa, akatoka saa kumi na nusu. Wa pili alikuwa mpwa wa marehemu, binti wa dada yake, aliyekuwa akiishi naye na kujifunza kazi. Huyo alifika saa kumi na moja na kuondoka nusu saa baadaye. Alieleza kwamba aligonga, hakujibiwa, akadhani mjomba yumo chumba cha giza anasafisha picha, na chumba hicho hakifunguliwi hata nyumba ikiungua. Akashuka uani, akakaa kwenye benchi kusubiri, akachoka, akaenda zake.

Kisha ikaja picha. Juu ya meza ya marehemu palikuwa na kamera yake ya kila siku, na ndani yake filamu yenye picha tano. Ya tano ilimwonyesha binti huyo huyo, amekaa kwenye benchi la uani, na ilipigwa kutoka juu, kwenye dirisha la karakana. Kwa hiyo saa kumi na moja na ushei mzee alikuwa hai, amesimama dirishani na kamera mkononi. Kwa hiyo Mwalimu hakuwa na shtaka la kujibu. Kwa hiyo binti alikuwa mwongo, na baada yake hakupanda mtu mwingine.

Aliyeisafisha filamu hiyo alikuwa Mwalimu mwenyewe. Kanuni zinakataza, na Inspekta alizijua kanuni. Lakini ofisini hakukuwa na mtu aliyewahi kushika filamu ya aina ile, na Mwalimu alikuja Ijumaa na macho mekundu, akasema, "Niachie mimi, mwanangu. Ni kazi ya mwisho ninayoweza kumfanyia." Angemkataliaje?

Alifika kwenye orodha ya vitu vilivyokutwa. Mwandiko ulikuwa wake. *Kamera moja ya kukunja, imefungwa, ndani ya mkoba wake wa ngozi. Dirisha jekundu la nyuma linaonyesha namba 6.* Dirisha hilo ni kitobo cha kioo chekundu mgongoni mwa kamera, ambamo unasoma namba ya picha. Tano zimepigwa, ya sita inasubiri zamu yake. Alikuwa ameupita mstari huo mara nne bila kusimama, na sasa pia angeupita, kama si sentensi moja ya binti katika maelezo yake ya Ijumaa: *Mjomba angenipiga picha angeandika.*

Alikusanya jalada, kamera na mkoba wake, akateremka mahabusu.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti vitatu na feni ambayo haijazunguka tangu inunuliwe. Binti aliletwa, akakaa, akaficha vidole vyake vyenye madoa ya dawa ya kusafishia picha.

"Umekuja kuniaga, mama?"

"Nimekuja kuuliza. Ulisema angekupiga picha angeandika. Angeandika wapi?"

"Kwenye daftari lake. Si mnalo? Alikuwa anapiga picha moja kila siku, miaka yote hiyo. Mwenye baiskeli. Jirani anaanika nguo. Sufuria juu ya ukuta. Sherehe hakwenda. Alisema sherehe zina wapiga picha wao, siku za kawaida ndizo hazina mtu. Akishapiga anaandika namba na mahali, hapo hapo, kabla hajaweka kalamu sikioni."

"Daftari linaishia namba nne, Alhamisi asubuhi."

"Basi alipiga nne."

"Filamu ina tano."

"Basi ya tano hakupiga yeye. Nimewaambia tangu Ijumaa. Mmeandika kwamba nalia."

Inspekta alifungua jalada. Ni kweli, sajini alikuwa ameandika kwamba analia. Yeye mwenyewe alikuwa ameeleza pembeni, kwa kalamu nyekundu, kuwa marehemu alikufa kabla hajawahi kuandika picha ya tano. Maelezo mazuri, yasiyo na ushahidi wowote. Akaitoa kamera kwenye mfuko, akaisukuma mbele ya binti.

"Haina filamu sasa. Nionyeshe alivyokuwa akiitumia."

Binti aliishika kwa mikono miwili, taratibu. Akabonyeza kitufe, mlango ukaanguka, lenzi ikasimama. Kisha kidole gumba chake kikaenda kwenye kizungushio juu ya kamera, kikazungusha, jicho likiwa kwenye dirisha jekundu. Akakaza shata, kile kifunga-mwanga cha lenzi, akamlenga Inspekta, akafyatua. Akaikunja, akairudisha mezani.

"Umezungusha kwanza," alisema Inspekta.

"Ndiyo."

"Na ulipomaliza hukuzungusha."

"Hapana. Ukifungua hii, mvukuto unavuta hewa kwa nguvu. Filamu iliyokwisha kunyooshwa inavutwa nayo, inabinuka kidogo, picha inatoka ukungu pembeni. Kwa hiyo unafungua kwanza, ndipo unazungusha. Unapiga, unakunja, huigusi tena mpaka siku nyingine. Mwaka wa kwanza nilisahau mara moja, akanikalisha asubuhi nzima, fungua, zungusha, kunja, fungua, zungusha, kunja. Kamera haikuwa hata na filamu."

"Lakini sisi wote tunazungusha tukishapiga."

"Wote kina nani?"

Inspekta aliuangalia mkono wake mwenyewe juu ya meza.

"Mlipoikuta ilikuwa namba ngapi?" binti aliuliza.

"Sita."

"Ikiwa imekunjwa?"

"Ndani ya mkoba."

"Na ya sita ina picha?"

"Haina kitu."

Binti alivuta pumzi, akaiachia polepole. "Angekuwa mjomba, ingesimama kwenye tano. Angetaka kupiga ya sita angeifungua kwanza, na mngeikuta wazi. Mama, aliyeirudisha hii kwenye mkoba si yeye. Mimi siwezi kuwa ndani ya picha na dirishani pia."

Ilikuwa hoja fupi, na Inspekta aliitafutia tundu kwa dakika nzima bila kulipata. Kamera alikuwa ameiona yeye kwa macho yake, ameandika namba yeye, na ameufunga mfuko yeye kabla ya mtu mwingine kuigusa. Angetamani sana awe amekosea kuandika, lakini picha ya mahali pa tukio ilimwonyesha yeye ameinama, na mbele yake sita nyekundu, safi.

"Na cheti chake mmekiona?" binti aliuliza.

"Cheti gani?"

"Cha kuzaliwa. Kila kamera anayo." Aliuvuta mkoba wa ngozi, akaingiza ukucha chini ya bitana, akatoa picha ndogo ya mraba, pana kama kiganja cha mtoto. "Akishaitengeneza kamera, picha ya kwanza anayopiga nayo anaitia humu. Alisema ikipotea, aliyeiokota ajue ilianza kuona nini."

Inspekta aliigeuza. Nyuma palikuwa na mwandiko wa mzee, tarehe ya miaka ishirini na mbili iliyopita, na maneno haya: *Picha ya kwanza. Njia ya ghalani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, polisi bado.* Mbele lilikuwapo ghala linalofuka moshi, na kando yake kibanda cha mlinzi, mlango wazi. Alichukua lenzi ya kukuzia mfukoni mwake, akainama. Ndani ya kibanda, ukutani, kulikuwa na msumari. Msumari haukuwa na kitu.

Kibanda hicho alikijua kuliko jikoni kwake. Kila aliyepita mikononi mwa Mwalimu alikijua. Watu wawili waliteketea katika ghala lile wakiwa wamefungiwa. Mlinzi aliapa kwamba ufunguo aliuchukua mwenye ghala jioni, na picha ya polisi, iliyopigwa na Mwalimu asubuhi ile ile, ikamuumbua: ufunguo unaning'inia kwenye msumari wa kibanda chake. Mlinzi alifia gerezani mwaka wa sita. Picha iliningʼinizwa darasani. Mwalimu alikuwa akiigonga kwa rula na kusema, haya ndiyo mnayolipwa kuyafanya.

"Wiki iliyopita mjomba alikuwa anatafuta hasi ya hii," binti aliendelea, "ile filamu yenyewe, aitoe kubwa. Aliipata Jumatano. Nilidhani atafurahi. Aliitazama tu kwenye taa, akasema, 'Hii ina mwenyewe, ni haki aione kwanza.'"

"Mwenyewe nani?"

"Hakusema. Nilidhani mwenye ghala."

Inspekta aliitia picha kwenye bahasha ya ushahidi kwa uangalifu mkubwa. Iliuma. Iliuma mahali ambapo hakujua bado pana nyama laini baada ya miaka kumi na minane ya maiti na waongo.

"Kaa utulie," alimwambia.

"Nitakwenda wapi?" alisema binti.

Mtu mwenye maumivu hukimbilia kuamini, na Inspekta alijikataza. Alikwenda kwanza karakana. Humo mlikuwa na kamera nyingine mbili zenye filamu ndani, zimekunjwa rafuni. Aligeuza ya kwanza, dirisha likasema tatu. Daftari, kwenye ukurasa wa kamera hiyo, lilisema: *Tatu. Paka wa muuza mkaa.* Aligeuza ya pili, dirisha likasema nane, na daftari likasema nane. Alifungua kabati la hasi, akaitafuta bahasha ya mwaka wa moto. Bahasha ilikuwapo na maandishi yake yote, ila ndani haikuwa na kitu.

Jikoni kulikuwa na mlango wa nyuma, na nje yake ngazi ya chuma inayoshukia kichochoroni, mbali na macho ya mtu yeyote anayeshona.

Alibaki fundi cherehani. Sajini alikuwa amemwekea fundi huyo dau tangu siku ya kwanza, maana alikuwa na ugomvi mkali na marehemu: maji ya dawa yalivuja darini yakaharibu kitambaa cha suti, na fundi alisikika akisema mbele ya watu kwamba iko siku atapanda juu na mkasi. Inspekta alimpa kamera.

"Nipige picha, fundi."

Fundi aliigeuza juu chini. Akaibonyeza kila mahali palipobonyezeka. Akajaribu kuufungua mlango wa mbele kwa ukucha, kisha kwa ncha ya mkasi, Inspekta akamshika mkono.

"Sasa hii inafunguliwa na nani, fundi wa kufuli?" alilalamika. "Ndiyo maana alikuwa mtu wa hasira, marehemu. Ukiishi na vitu vya namna hii lazima uwe na hasira."

"Yule rafiki yake alipotoka saa kumi na nusu, ulimwona vipi?"

"Salama tu. Akaniuliza habari ya mguu wangu. Mtu mstaarabu, yule. Sema alisahau kofia."

"Alisahau kofia?"

"Alipanda nayo, akashuka kichwa wazi. Nikataka kumwita, nikasema atarudi mwenyewe."

"Alirudi?"

"Huku hakupita."

"Ufunguo wa mlango wa jikoni unakaa wapi?"

"Chini ya kopo la rangi, kwenye ngazi ya chuma. Marafiki zake wote wanajua. Mimi hakunionyesha," alisema fundi kwa uchungu.

Karakana nzima ilikuwa imeandikwa kitu kwa kitu siku ya Alhamisi. Inspekta aliipitia orodha akiwa amesimama kwenye ngazi. Hapakuwa na kofia.

Nyumbani kwa Mwalimu alifika saa tisa alasiri. Alimwacha sajini na gari kwenye kona, akamwambia asubiri simu. Mke wa Mwalimu ndiye aliyemfungulia, akamkumbatia, akamlaumu kwa kukonda. "Mwanangu, watakuua hao. Mwenzio yuko barazani. Tangu msiba hali vizuri. Kaeni, nawaletea chai." Katika nyumba hiyo Inspekta alikuwa na kikombe chake. Siku alipovishwa cheo baba yake mzazi alikuwa ameshakufa, na aliyesimama mahali pa baba alikuwa Mwalimu, ndani ya suti ya kuazima, akilia bila aibu.

Alikuwa ameketi akifuta lenzi. Kofia yake ya kahawia ilikuwa imetundikwa kwenye mgongo wa kiti.

"Umekuja kwa habari ya kesho," alisema Mwalimu.

"Nimekuja unipige picha." Inspekta alitoa moja ya kamera za rafuni kwa Mzee Mvukuto, aliyoitia filamu mpya nusu saa iliyopita na kuisimamisha kwenye namba moja. "Moja tu. Ya kumbukumbu."

Mzee aliipokea na uso ukamchangamka. Akabonyeza kitufe, lenzi ikatoka. Alimwambia asogee karibu na nguzo, ainue kidevu, asikae kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Akakaza shata, akafyatua. Na kabla hajaishusha kamera kutoka usoni, kidole gumba chake kilikuwa tayari kwenye kizungushio, kinakwenda, kinakwenda, karatasi ya ndani ikikwaruza. Akakunja, akamrudishia.

Inspekta alitazama dirisha jekundu. "Mbili."

"Tayari kwa nyingine. Piga, zungusha."

"Polisi hasubiri," alimalizia Inspekta. Ndivyo darasa zima lilivyokuwa likiitikia.

Mwalimu alitabasamu, kisha akaona kwamba anatabasamu peke yake.

"Ile ya mezani kwa mzee ilikuwa imesimama kwenye sita," alisema Inspekta. "Imekunjwa, ndani ya mkoba. Ya sita tupu. Mzee alikuwa hazungushi mpaka aifungue. Nimeangalia nyingine zote."

"Watu elfu wanazungusha hivyo, mwanangu. Hata wewe."

"Hata mimi. Ndiyo maana nimechelewa siku nne."

"Mahakama haitamfunga mtu kwa kidole gumba."

"Haitamfunga." Alitoa bahasha, akaweka picha ndogo ya mraba kwenye meza, na lenzi ya kukuzia juu yake. "Na hii je?"

Mwalimu aliinama. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko anaouhitaji mtu aliyetazama picha maisha yake yote. Aliponyanyuka alikuwa amezeeka.

"Aliniambia hasi ni hiyo hiyo moja," alisema. "Aliniambia hakuna nyingine."

"Alikuambia lini?"

Ndani vikombe viligongana kwenye sinia. Mwalimu alifumba mdomo, lakini neno lilikwisha toka, na wote wawili walijua, kwa sababu ni yeye aliyemfundisha kusubiri neno la namna hiyo na kutolisemea.

"Alhamisi," alisema mwishowe. "Nilimwomba anipe. Nilimsihi kama mtoto. Akasema atanipa wiki moja niende mwenyewe kwa wakubwa nikaseme. Wiki moja, kwa miaka arobaini ya urafiki. Nilimsukuma tu. Sikumsukuma ili afe."

"Ukatoka, ukamuuliza fundi habari ya mguu."

"Nilikuwa sijui nasema nini."

"Ukarudi kwa mlango wa jikoni."

"Kofia. Na hasi." Alipapasa goti lake. "Nikiwa mle ndani, mtoto akagonga. Aliita mjomba, mjomba. Nilisimama sikupumua. Kisha nikamwona kupitia dirishani, amekaa kule chini, na kamera ilikuwa mezani. Dirisha lake lilisema nne, na daftari nalo, nikasogeza hadi tano."

"Ukampiga picha."

"Ndiyo."

"Mtoto anayekuita babu."

Mwalimu aliichukua lenzi yake, akaanza tena kuifuta.

"Na ufunguo wa kibandani?" Inspekta aliuliza.

"Ulikuwa mfukoni mwa mwenye ghala. Aliponipa, niliutundika mimi. Sote tulijua ni mlinzi, kila mtu alijua, picha ilikuwa inakosa neno moja tu." Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Sikuchukua hata senti. Nilitaka haki ipatikane."

"Ulituningʼinizia ukutani. Nilifanya mtihani wa picha ile, Mwalimu. Nilipata nafasi ya kwanza."

"Nakumbuka."

"Na filamu ya mzee ukaja kuniomba mimi. Si mtu mwingine. Mimi."

"Nilijua utanipa," alisema Mwalimu kwa upole, kama anayemsifu.

Hapo ndipo Inspekta alipokasirika. Mpaka dakika ile alikuwa ameumia tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na yeye nguo yenyewe alikuwa amevishwa na mzee huyu. Angeweza kupiga kelele. Alichofanya ni kutoa simu na kumwambia sajini mambo mawili: alete gari mlangoni, na ampigie bosi amwambie jalada la kesho lisiende mahakamani, binti atoke mahabusu jioni hii, apelekwe nyumbani na si kuachwa getini. Upande wa pili sajini alianza kuuliza kama ni fundi cherehani. Inspekta alikata simu.

Mke wa Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe vitatu. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Kaa, mama," Inspekta alimwambia. "Tafadhali kaa."

Mama hakukaa. Aliiweka sinia chini, sakafuni, akachukua kile kikombe cha Inspekta peke yake, akarudi nacho ndani. Inspekta aliviangalia viwili vilivyobaki. Hilo pia alilistahili, au hakulistahili, ila hakukuwa na wa kumuuliza.

Kofia aliitia kwenye mfuko, akauandika. Kisha, kwa sababu mtuhumiwa hupigwa picha mahali alipokutwa kabla hajaondolewa, na kwa sababu kamera nyingine hakuwa nayo, aliifungua ile ya Mzee Mvukuto na kuiinua.

Mwalimu alinyoosha ukosi wa shati. Hilo lilikuwa zoea tu. "Rudi hatua moja," alisema. "Mwanga uko nyuma yangu, utanipoteza uso."

Alikuwa sahihi. Inspekta alirudi hatua moja, akakaza shata, akafyatua.

Kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye kizungushio. Kilikuwa kimekwishakishika kabla hajajua, na Mwalimu alikuwa anakitazama. Inspekta alikiondoa, akakiweka pembeni ya kamera na wenziwe. Akaikunja namna ilivyokuwa, dirisha likiwa kwenye mbili. Gari la sajini lilisikika likisimama nje. Alitoa daftari la marehemu kwenye begi, akatafuta ukurasa wa kamera ile, akaandika mstari mmoja chini ya mistari ya mzee: *Mbili. Mwalimu, barazani kwake, alasiri.*